Aliyemvisha Bi Mardhiya

Mdogo wangu Adila ni fundi wa nguo kama mimi, ila wateja wake hawajazaliwa. Hilo ndilo jibu ninalowapa watu wanaosimama mlangoni kwangu hapa Magomeni, Bagamoyo, wakachungulia ndani na kumwona ameinamia kompyuta yake kwenye kona, mimi nikiwa kwenye cherehani. Huyu anafanya nini siku nzima? Anavisha watu. Watu gani? Watu wa ndani ya kompyuta, wale wa filamu za katuni na michezo ya simu. Mwendo wao, nywele zao na nguo zao hazijitengenezi, kuna mtu amekaa mahali fulani anazitengeneza. Wengine hucheka wakaenda zao. Shangazi yetu mmoja alimshauri atafute kazi ya kweli. Nikamwambia kazi ya kweli ni ile inayomuumiza mtu mgongo, na Adila mgongo unamuuma kuliko mimi.

Nataka kueleza habari zake kwa sababu zinaelezwa vibaya. Wapo wanaosema Adila alimharibia kijana wa watu kazi kwa makusudi, kwamba ana roho mbaya, kwamba ndiyo maana sisi watu wa Bagamoyo hatuletewi mambo mazuri. Maneno hayo yalinikuta dukani nina pini mdomoni, nikakaribia kuzimeza. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo. Aliyekosa namjua kwa jina na kwa ukoo, na siye Adila.

Adila alianzia kwenye samaki. Baba alimpeleka chuo cha uvuvi, Mbegani, akasomee kuhifadhi samaki, naye alisoma vizuri tu. Lakini huko kulikuwa na mwalimu mwenye programu ya kuonyesha wavu unavyofunguka majini: unavyotanuka, unavyokunjamana mkondo ukigeuka, unavyovutwa na uzito wake. Wenzake walitazama samaki, yeye akatazama wavu. Alirudi nyumbani na cheti cha samaki na kichwa kimejaa nyavu. Baadaye akagundua kwamba duniani kuna watu wanaopiga hesabu zilezile kwa magauni, akajifunza peke yake kwa kutazama video, huku akinisumbua mimi kwa maswali ambayo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Da Ashatu, kwa nini satini inateleza begani na pamba haitelezi? Da Ashatu, kitambaa kikikatwa mshazari kinaanguka vipi? Nilikuwa namkatia vipande, anavidondosha juu ya kiti, anavitazama vinavyolala, anarudi kwenye kompyuta yake bila hata ahsante.

Nguo ya kompyuta ina ukorofi wake. Unaikata, unaiunga, unaivisha mwilini, kisha kompyuta yenyewe inakisia jinsi itakavyoanguka mtu akitembea. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Mtu anapiga hatua, goti linatokeza katikati ya sketi kana kwamba sketi ni moshi. Mtu anainua mkono, kwapa linameza nusu ya gauni. Kazi ya Adila ni kupita humo, picha baada ya picha, akirekebisha. Hapa anakaza, hapa analegeza, hapa anaongeza uzito kwenye pindo ili lisiruke ovyo.

Aliniambia kwamba mafundi wengi wa kazi hiyo wana njia yao ya mkato. Nguo ikishatulia, wanaufuta mwili ulio chini yake. Wanabakiza kichwa, viganja na nyayo, vile vinavyoonekana, na katikati wanaacha hewa. Hapo hakuna goti la kutokeza.

"Mbona wewe hufanyi hivyo?" nilimuuliza.

"Sipendi," alisema. "Nguo nikiivisha hewa, siku nikitaka kugeuza mkunjo mmoja siwezi tena. Halafu nataka imwangukie mtu."

Nilimwelewa. Mimi pia sipendi fundi anayeficha kosa kwa mkasi.

Sasa Najim. Najim ni mtoto wa hapahapa, bibi yake mzaa mama amezikwa Kaole. Yeye alilelewa Dar, akasoma ng'ambo, akarudi akafungua studio huko Mikocheni. Alikuja dukani kwangu na shikamoo yake safi, ya kuinamisha kichwa, nikampenda papo hapo. Alitaka kutengeneza harusi ya pwani, ya kutazamwa kwa ile miwani mikubwa inayofunika uso mzima, ili mtu ajione yumo chumbani pamoja na wanawake, akiona bibi harusi anavyoandaliwa na anavyofungwa kanga. Alimtaka Adila kwa ajili ya kanga, kwa sababu vijana wake kule Dar, alisema, kanga inawashinda. Na alimtaka kungwi.

Kungwi hapa kwetu si mtu wa kuokota njiani. Bi Mardhiya, dada mkubwa wa mama yetu, amewafunda wasichana wa Bagamoyo tangu mimi sijazaliwa. Alinifunda mimi, akamfunda Adila. Ndiye aliyetuvua nguo za usichana, akatusinga mwili kwa liwa ya kunukia, akatufunga kisutu, ile kanga ya bibi harusi, na katika yote hayo sikumbuki hata mara moja nilipokuwa uchi mbele ya macho ya mtu. Anavyokuvua nguo moja, mkono wake mwingine umeshashika kanga ya kukufunika. Hii haijatoka, ile imeshafika. Wasichana hufikiri kazi ya kungwi ni maneno anayowaambia, lakini mimi ninachokumbuka ni ile mikono yake, na jinsi nilivyosimama mbele yake bila kuona haya.

Tulimfuata nyumbani kwake Dunda. Alipoambiwa kwamba ili kompyuta ipate umbo lake itabidi avue dera na kanga zake, abaki na taiti na fulana ya kubana, apigwe picha pande zote, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hapana.

"Mama mkubwa," Adila alimwambia, "nitakayepiga picha ni mimi. Hataingia mwanamume. Na picha zikishakuwa mtu, nitakayemvisha ni mimi, si mwingine."

"Hakuna atakayeniona hivyo?"

"Hakuna."

"Niapie."

Adila akaapa. Najim alikuwa amekaa palepale barazani, kikombe cha kahawa ya Bi Mardhiya mkononi, na alidakia mwenyewe bila kuulizwa: "Hilo halina shida kabisa, bibi." Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.

"Basi vizuri," Bi Mardhiya alisema akimtazama Adila. "Wewe unayenivua, ndiye utakayenivisha."

Alikubali, nadhani, kwa sababu wasichana wa siku hizi wanafundwa kwenye kumbi kwa kipaza sauti, na mzee alitaka abaki na mahali pa kuonyeshea kazi yake. Tulifunga mlango wa chumba cha ndani, mimi nikashika kanga dirishani, Adila akamzunguka na kamera. Kisha akamfunga vile vidude vinavyorekodi mwendo wa mtu, kwenye viwiko, magoti na kiuno, Bi Mardhiya akatembea chumbani akilalamika kwamba amefungwa kama mzigo wa kwenda Msata. Tulicheka sana siku hiyo.

Kazi ya kwanza kutoka Dar ilikuwa kichekesho cha namna nyingine. Adila alimpeleka huko akiwa ameshamvisha, lakini vijana wa studio, kwa kuogopa kanga isidondoke, walikuwa wameibana mwilini kwa pini za kompyuta, juu mpaka chini. Kanga ilikaa kama imepakwa gundi. Bi Mardhiya alijitazama kwenye skrini, akakunja uso.

"Huyu si mimi," alisema. "Mbona hairekebishi?"

"Hairekebishi nini, mama mkubwa?"

"Kanga! Ametoka mlangoni mpaka kitandani hajaigusa hata mara moja. Mwanamke gani huyo? Hiyo imemgandia."

Alisema kweli. Mwanamke aliyevaa kanga hatembei chumba kizima bila kuigusa. Adila akang'oa pini zote. Akarudi Dunda na vile vidude, akamwomba Bi Mardhiya atembee tena, safari hii amejifunga kanga mbili juu ya dera lake kama kawaida yake, na hapo ndipo tulipoliona jambo ambalo mwenyewe hakuwa analijua: kila baada ya hatua chache, kiwiko chake cha kushoto hushuka na kubana kanga ubavuni, halafu kikaachia. Hata akiongea, hata akiwa amebeba sinia. Adila aliiacha kanga ya kompyuta ilegee kidogo kwa kila hatua, na kiwiko kiwahi kuibana. Alilegeza, akatazama, akafuta, akaanza upya. Kuna siku alimwita mke wa jirani atembee tu pale dukani, na mke wa jirani akadhani ameitwa kupimwa gauni.

Ilipokamilika walituonyesha katika ukumbi mmoja hapa mjini. Walipoletewa miwani, wanawake walijipanga kwa zamu, na kila aliyeivaa alipiga kigelegele peke yake, akicheka na mtu asiyeonekana. Bi Mardhiya alivaa ya kwake akajizunguka mwenyewe chumbani. "Ala!" alisema. "Nimenenepa." Kisha akaivua, akamshika Adila kichwa kwa mikono miwili kama alivyomshika siku ya harusi yake. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Jambo moja nilitaje hapa, kwa kuwa litarudi. Lile faili lenye mwili wa Bi Mardhiya lilikuwa zito mno, na Najim mwenyewe ndiye aliyesema lisikae kwenye mashine za studio. Libaki kwenye hifadhi ya Adila mtandaoni, na wao kila wakifungua kazi walivute kutoka huko. Alisema hivyo ili wasijaze mashine zao.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi nipo nakunja pindo la suruali, Adila akapokea ujumbe wa Najim, akausoma kwa sauti kama anavyosoma kila ujumbe wa kazi. Kuna marekebisho madogo ya nguo. Hoteli moja ya ufukweni inataka tangazo la kuchekesha, bibi mnene anayecheza mchangani. Tunamtumia yule wa harusi. Toa kanga na dera. Mvishe nguo ya kuogelea, ya vipande viwili, rangi kali. Tumbo lionekane likitikisika vizuri, maana ndicho kichekesho chenyewe.

Alifungua faili. Nadhani alitaka kuhakikisha kwamba amesoma vibaya, kwamba ni bibi mwingine. Akabonyeza, kanga ya juu ikatoka. Akabonyeza, ya chini ikatoka. Dera likatoka. Nami nikamwona mama mkubwa, mtu aliyenifunika mwili wangu mzima bila jicho kunigusa, anatembea pale kwenye skrini, mlango wa duka uko wazi na watu wanapita barabarani, umbo lake lote lilivyo, na kila baada ya hatua chache kiwiko chake cha kushoto kinashuka na kubana kanga ambayo haipo.

Adila alininyang'anya suruali ya mteja mikononi, akaifunika nayo kompyuta.

Hasira niliyoipata pale sijaimaliza mpaka leo. Watu wananiambia, Ashatu, ile ni picha tu. Haya. Kama ni picha tu, wachore ya kwao. Kompyuta wanazo, vijana wanao, wamchore bibi wao wa kubuni wamtikise wanavyotaka. Kwa nini lazima awe huyu? Kwa sababu huyu ni wa kweli. Mwendo ule haubuniki, tumbo lile limezaa, na mtazamaji akiliona anamjua bibi yake humo ndani, ndiyo maana anacheka. Walimtaka kwa sababu ni mtu kweli, kisha wakatuambia tusikasirike kwa sababu si mtu. Mimi sikusoma sana, lakini mtu anayenifanya mjinga namtambua.

Adila alimpigia simu, akaiweka mezani sauti ikiwa juu.

"Najim, huyu ni Bi Mardhiya."

"Alikuwa Bi Mardhiya," Najim alijibu, mchangamfu kabisa. "Uso tunabadilisha, usiwe na wasiwasi. Nani atamjua?"

"Mji mzima utamjua. Mwendo ni wake, mwili ni wake. Tulimwapia."

"Adila, bwana. Ile ni katuni. Alikubali kupigwa picha, umbo likaingia studio, sasa ni mali ya studio. Wewe hushoni mwili, unashona nguo. Nimekuomba nguo."

"Umeniomba nimvue."

"Basi kama inakupa shida, niachie. Vijana watamaliza hapa hapa ofisini."

Hapo nikaivuta simu. "Najim, ni Ashatu."

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako kaa nayo! Ulikaa kwenye baraza ya yule mama ukanywa kahawa yake ukasema halina shida. Mdomo huohuo!"

"Dada Ashatu, tusichanganye mambo," alisema, na akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemwonea huruma mshamba. "Hakuna aliyemvua bibi. Bibi yuko nyumbani kwake amevaa nguo zake."

Nilikata simu, maana matusi yalikuwa yamefika kwenye meno.

Tulikwenda Dunda mchana huohuo. Bi Mardhiya alikuwa anapiga pasi kisutu cha bibi harusi mmoja wa Makurunge. Adila alimweleza yote, hakupunguza kitu, hata lile la tumbo kutikisika. Bi Mardhiya alisimamisha pasi. Alikuwa anatazama kile kisutu, si sisi.

"Wangapi wameshaniona?" aliuliza.

"Mimi na Da Ashatu. Lakini wakifungua kule, wataona."

"Na walikwisha kusema watafungua."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Nilitegemea apige kelele, na ningempigia kelele za kumsaidia, lakini alikaa kwenye kiti taratibu, na hilo likaniuma kuliko kelele. Amevisha wasichana wa mji mzima, halafu uzeeni mtu amvue yeye ili walevi wa ufukweni wacheke.

"Mwite Najim," alisema mwisho. "Mwambie namwita mimi. Aje Ijumaa baada ya sala, aje na hiyo kompyuta yake." Kisha akamtazama Adila. "Uliniapia."

Akainuka, akarudi kwenye pasi yake.

Tulivyorudi dukani Adila alikaa kwenye kona yake akageuza skrini ukutani, nisione. Alifanya kazi siku hiyo na siku iliyofuata bila kuniuliza swali hata moja, na si kawaida yake. Nilimwona anajifuta macho kwa kanga. Nikadhani amesalimu amri, kwamba amekaa anashona zile nguo za kuogelea ili walau azishone kwa heshima kidogo kuliko vijana wa Dar. Nilimkasirikia na yeye, nikawa nagonga mkasi mezani kwa nguvu bila sababu. Hakunitazama.

Ijumaa Najim alikuja amevaa kanzu nyeupe, mkono mmoja kompyuta, mkono mwingine bakuli la halua. Sitasema uongo, mtoto alipendeza. Alipiga hodi vizuri, akavua viatu, akamwamkia Bi Mardhiya kwa kuinama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae. Ashatu, mpe kahawa."

Nikampa, roho hairidhiki. Akaanza kueleza: ulimwengu umebadilika, hoteli itawaletea wageni wengi, uso utakuwa wa mtu mwingine, jina halitatajwa. Bi Mardhiya alimwacha amalize.

"Nionyeshe," alisema.

Najim alifungua kompyuta juu ya kigoda. Ile harusi ikatokea: chumba cha ndani, taa, bibi harusi amefunikwa, na Bi Mardhiya anapita na kanga zake, kiwiko kinabana, kinaachia.

"Hiyo nimeiona. Nionyeshe ya hoteli."

"Hiyo bado haijaanza, bibi. Nasubiri Adila."

"Inaanzaje?"

Najim alijikuna shingo. "Tunaanza kwa... kutoa zile za juu. Kanga."

"Haya. Nivue."

Nilisikia kijiko kikianguka, kumbe ni changu.

"Bibi, hapa haifai," Najim alisema.

"Na kule inafaa?"

"Kule ni kazi tu. Ni picha."

"Na hapa ni picha. Mimi nimekaa hapa, nimevaa nguo zangu zote, si ndivyo ulivyomwambia Ashatu? Nivue niione hiyo picha."

Mkono wa Najim ulikuwa juu ya kompyuta na haukushuka. Alitazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama Adila, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka ameinamisha macho.

"Kama ni picha tu," Bi Mardhiya alimwuliza kwa upole, "mkono unatetemeka nini?"

Angeifunga ile kompyuta pale akasema samahani, leo ningekuwa namsifu mbele ya watu. Nilimwombea afanye hivyo, kwa haki ya Mungu. Lakini kijana alikuwa ameshaahidi huko hotelini, na nadhani alichukia kuona mkono wake unamsaliti mbele ya wanawake watatu. Akashusha kidole. Hilo ndilo nisilomsamehe. Alijua, mwili wake wenyewe ulimwambia, na bado akabonyeza.

Kanga ya juu ikatoka. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua dera lilikuwa limetoka pia, na pale chumbani, katikati ya taa za harusi, palikuwa na uso wa Bi Mardhiya unaelea, viganja viwili na nyayo mbili. Katikati yake hamkuwa na kitu. Ukuta wa nyuma ulionekana wote, na picha ya msikiti iliyotundikwa pale. Nyayo zilipiga hatua. Kiganja cha kushoto kikasogea ubavuni pasipo na ubavu, kikatulia, kikaachia.

Najim alifunga, akafungua tena. Akavuta faili upya, akangoja, akabonyeza. Uso, viganja, nyayo.

"Adila, umefanya nini?"

"Marekebisho ya nguo," Adila alisema. "Nimefuta mwili ulio chini yake, usije ukatokeza. Si ndivyo wanavyofanya vijana wako?"

"Rudisha!"

"Hakuna cha kurudisha. Na zile picha nilizompiga nimezifuta zote. Harusi yako ipo, nguo zimeanguka zilivyoanguka, hata mimi siwezi tena kuzigusa." Hapo nikajua alikuwa analilia nini zile siku mbili kule kwenye kona. Alikuwa ameiua kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, kwa mkasi.

Najim aliinuka. Heshima yote aliyokuja nayo ilimwagika, shikamoo na kanzu na halua, akapiga kelele ndani ya nyumba ya mtu mzima: "Nina watu wananisubiri! Mwili uko wapi?"

Bi Mardhiya aliweka kikombe chini. Kiwiko chake cha kushoto kilishuka, kikabana kanga ubavuni, kikaachia.

"Ninao mimi," alisema, "na nimeuvika nguo. Malizia kahawa yako uende."